Ndama Aliyeng'aa Siku ya Mahari

"Wivu na upele ni ndugu wa tumbo moja," Mwebesa aliwatangazia wenzake pale kijiweni Nkwenda, mguu mmoja juu ya benchi kama mgombea udiwani. "Vyote viwili vinamfanya mtu mzima ajikune mbele za watu. Mimi, Mungu ananiona, tangu nizaliwe sijaugua hata kimoja."

Kisha akajikuna kidevu.

"Sasa hapo unazikuna au unazihesabu?" akauliza Tumwine, dereva wa bodaboda, rafiki yake tangu kidato cha kwanza, mtu ambaye ulimi wake hutangulia kufika kabla ya pikipiki yake.

"Ndevu mpya zinawasha. Wewe utajuaje, uso wako kama kiazi kilichomenywa?"

Kijiwe kizima kikacheka. Ndevu za Mwebesa zilikuwa habari ya mji. Alianza kuzifuga mara tu baada ya kupeleka mahari kwa akina Ninsiima, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba bwana harusi asiye na ndevu huonekana kwenye picha kama mdogo wake bibi harusi. Ziliota kwa mafungu, hapa kichaka, pale uwanja, na mwenye nazo alipenda kuukinga upande wa kushoto kwa kiganja, kama mtu anayeumwa jino.

"Wivu huna, sawa," Tumwine akaendelea, maana akipata pa kuchokonoa haachi. "Kwa hiyo hata hili la Abdulkarim kupanda kwa wakwe zako kila asubuhi halikusumbui?"

"Anafuata maziwa ya mgahawa wa baba yake. Nisumbuke kwa maziwa?"

"Mimi nimeuliza tu. Kijana mzuri. Ananukia."

Mwebesa akatema mate pembeni. Kama angechagua mtu mmoja wa kumfukuza wilayani Kyerwa, asingepoteza muda kufikiri. Abdulkarim, mtoto wa Mzee Shaaban mwenye duka na ule mgahawa, alivaa shati lililopigwa pasi hata siku za matope. Kiswahili chake kilitoka Pangani na babu yake, na njia yote hiyo hakikupata vumbi. Mwebesa yeye Kiswahili alikikuta shuleni, tena kwa viboko, maana nyumbani kwao, kule malishoni upande wa Kaisho, watu na ng'ombe walizungumza Kinyambo. Akimsikia Abdulkarim akisema "naam" au "hewala", alihisi kama mtu kafungua mfuko wake wa shati akachukua kitu.

Na huyo hapo, anavuka barabara ya gulio na boksi la sabuni begani.

"Assalaam aleykum, kaka zangu. Bwana harusi! Vile viatu vinaendeleaje?"

Mwebesa alitazama miguu yake. Kandambili, moja imeshonwa kwa waya. Huyu bwana kila wakikutana lazima aulize viatu, tangu kabla ya mahari. Ni dharau, hakuna jina lingine. Anakumbushwa kwamba yeye ni mchunga ng'ombe tu.

"Vinaendelea," akajibu kwa meno.

Abdulkarim akatua boksi, akatoa mkono kumsalimia. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa kwa ajili ya kazi. Hapo, upande wa ndani wa mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, Mwebesa akaliona duara. Duara kamili, kingo nyekundu zenye vipele vidogo, katikati ngozi imetulia, mfano wa alama inayoachwa na kikombe cha kahawa juu ya meza.

Mkono wake ukabaki ndani ya ule wa mwenzake kama samaki aliyekufa. Duara lile alikuwa ameliona tayari. Kanisani Jumapili iliyopita Ninsiima alikuja na kitambaa shingoni, jua likiwa la kupasua vichwa. Alipomuuliza akasema anasikia baridi. Wakati wa kuinama kuokota kitabu cha nyimbo kitambaa kikateleza, na chini kidogo ya sikio, mahali ambapo Mwebesa mwenyewe, mchumba halali mwenye ng'ombe zake kwenye zizi la watu, hajawahi kuruhusiwa kugusa, palikuwa na alama ileile, saizi ileile.

Shingo ya Ninsiima. Mkono wa Abdulkarim. Mwebesa hesabu alipata alama mbaya mtihani wa kidato cha nne, lakini hii ilijikokotoa yenyewe. Mkono wa mwanamume na shingo ya msichana hukutana kwa njia moja tu.

"Umeona nini?" Tumwine akauliza, Abdulkarim alipoondoka. "Umebadilika rangi."

"Kesho alfajiri utanipeleka kwa wakwe zangu."

"Kufanya nini?"

"Kutosalimia."

*

Umande ulikuwa bado mzito kwenye mibuni waliposimamisha pikipiki mbali na kuisukuma kwa mkono. Mwebesa akajibanza kati ya migomba na mibuni, mahali panapotazama zizi la Mzee Bainomugisha. Zizi lenyewe lilizungushiwa minyaa iliyopandwa karibu karibu, mirefu kufika kifuani, kwa hiyo ukiwa nje unaona vichwa tu, vya watu na vya ng'ombe.

Baiskeli ya Abdulkarim ilikuwa tayari imeegemea ua. Na ndani, vichwa viwili. Kimoja cha Ninsiima, kimefungwa kitambaa. Kingine kimechanwa vizuri. Vimekaribiana hivi, hata jani la mgomba lisingepita katikati. Vikainama pamoja vikapotea chini ya minyaa. Kimya. Vikaibuka tena, na Ninsiima anacheka, kile kicheko chake cha kufunika mdomo kwa kiganja ambacho Mwebesa alidhani kipo kimoja tu duniani na kimeandikishwa kwa jina lake.

Akashika tawi la mbuni likakatika.

"Wacha kuharibu zao la watu," Tumwine akanong'ona. "Ingia basi, uwaulize."

"Hapana. Jumamosi. Tunakaa kupanga harusi, shangazi yake atakuwepo. Nitawauliza hapohapo."

"Si ulisema huna wivu?"

"Huu si wivu. Huu ni ushahidi."

Siku zilizobaki hazikupita, zilimkanyaga. Chai ya mgahawa wa Mzee Shaaban ikamshinda kunywa, kila akiitazama anaona maziwa yametoka wapi na nani kayafuata. Akamwandikia Ninsiima kwenye simu: "Shingo haijambo?" Likaja jibu: "Shingo ipo." Akalisoma jibu hilo mpaka akaliona lina meno. Akiwa peke yake alichukua kioo kidogo, akafunua ndevu za shavu la kushoto, akapaka krimu aliyouziwa na mmachinga wa gulioni. Krimu ile ilizima muwasho kwa saa chache, halafu muwasho ukarudi na jamaa zake. Lakini hayo yalikuwa mambo yake binafsi na kioo chake, hayakuhusiana na usaliti wa watu.

*

Jumamosi Mzee Bainomugisha aliwapokea kwa heshima zote. Mwebesa akatoa shikamoo kwa mzee, akatoa nyingine kwa Shangazi Benadeta, dada yake mzee, mama mnene mwenye macho ya kupekua, ambaye kwa desturi ya ukoo ndiye anayemwandaa binti na ndiye anayempima bwana harusi. Tumwine alikaa karibu na mlango, kama mtu anayejua kikao kitaishaje. Na nani anaingia kwa mlango wa uani na sukari na majani ya chai? Abdulkarim. Mzee alikuwa amemwagiza.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi. Kaka, vile viatu—"

"Viache viatu vyangu!" Mwebesa akapaza sauti, watu wakamtazama.

Ninsiima akaja na vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa, akampigia magoti mgeni wa kwanza, ambaye ni mchumba wake. Kitambaa kiko shingoni. Mwebesa akakitazama kibuyu, akakitazama kitambaa, akasema:

"Sinywi."

Sasa, katika nyumba nyingine ungesema sinywi wakakuletea soda. Katika nyumba ya wafugaji, mkwe kukataa maziwa ni sawa na kumvua mwenye nyumba shati. Mzee akaweka kibuyu chake chini taratibu.

"Waitu!" akasema Shangazi Benadeta. "Yameharibika?"

Mwebesa akasimama. Hotuba alikuwa ameifanyia mazoezi kwa ng'ombe wa kwao, nao hawakupinga neno.

"Wazazi wangu, maziwa ni mazuri. Kilichoharibika ni kingine. Nyumba hii kuna alama inatembea. Iko kwenye mkono wa mtu na iko kwenye shingo ya mtu. Mimi nimekuja na sheria moja tu: mwenye alama ile asimame mbele yetu aseme alimkumbatia nani."

Abdulkarim, bila kuelewa, akautazama mkono wake. Ninsiima alielewa. Akafungua fundo la kitambaa, akakishusha. Siku hizi alama zilikuwa mbili, moja kubwa na mtoto wake.

"Nilijifunga kwa aibu," akasema. "Nilidhani utacheka. Kumbe wewe ulikuwa unapiga hesabu."

"Na huyu?"

"Mimi nilidhani ni sabuni mpya ya dukani," Abdulkarim akasema. "Baba kaniambia niache kuiogea."

Mzee Bainomugisha akakohoa. "Mwanangu Mwebesa. Kila asubuhi mimi niko katikati yao, nimechuchumaa, nakamua. Unajua sheria ya zizi langu: anayetaka maziwa anashika ndama. Ndama akishanyonya kidogo na maziwa yakashuka, wao wawili wanamvuta na kumshikilia mpaka nimalize. Sasa hao watu wamekumbatiana lini? Chini ya kiwele?"

Tumwine akageuza uso kwenye ukuta, mabega yakitikisika.

"Kushika ndama hakuleti alama, mzee wangu," Mwebesa akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua ujazo. "Alama mbili, watu wawili, siku zilezile."

"Basi tusibishane kama watu wasio na zahanati," akasema Shangazi Benadeta, akijifunga kanga ya pili. "Twende wote."

Ninsiima akamsogelea Mwebesa karibu kuliko alivyowahi, lakini si kwa wema. "Nesi akisema ni ya kukumbatiana, ondoka na ng'ombe zako leo, sitatamka neno. Akisema siyo, basi atakayetamka ni mimi."

*

Nesi wa zamu, Margreth, alisikiliza malalamiko ya shangazi, ya mzee na ya mchumba kwa pamoja, akanyoosha kiganja wakanyamaza. Akamkalisha Ninsiima kwenye mwanga wa dirisha, kisha Abdulkarim.

"Vidole," akasema. Akaangalia katikati ya vidole vyao, viganja na vifundo vya mikono. "Mnajikuna usiku zaidi? Kiunoni je? Nyumbani kuna wengine wanaojikuna?"

Wakakataa.

"Ingekuwa upele, mngekuwa hamlali, na nyumba nzima ingekuwa inajikuna. Ule ni wadudu wanaochimba ndani ya ngozi, tunatibu wote siku moja, na mashuka na nguo vinafuliwa vikaanikwa juani. Hii si hiyo. Hii ni fangasi. Wengine wanaita choa. Ikiwakamata watoto kichwani ndiyo mnaita mapunye. Ni hiyohiyo inabadilisha makazi."

"Inapatikanaje?" Mwebesa akauliza haraka, kalamu ya wivu mkononi.

"Kwa kugusana ngozi kwa ngozi."

"Si nilisema!" Akawageukia wakwe zake. "Ngozi kwa ngozi! Mmemsikia mtaalamu?"

"Sijamaliza," akasema nesi. "Na mtu, au na mnyama. Hasa ndama. Ya ndama ikimpata mtu huwa nyekundu hivi, inavimba kingo. Hata kamba aliyofungiwa, hata nguzo anayojisugulia, taulo, kitana, kofia ya mwenzio. Mnashika ndama gani?"

"Yupo mmoja tu sasa," Mzee Bainomugisha akajibu. "Wa mahari. Alikuja na mama yake. Lakini huyo, nesi, usimsingizie. Hujapata kuona ndama anang'aa vile. Siku ya mahari wazee wangu walimshika masikio wakasema hata rais hana ndama wa namna hii. Na mkwe wangu huyu, nimtetee kwa hilo, kila Jumapili baada ya ibada anakuja na kitambaa chake na kopo lake la samli, anampaka mwenyewe. Haruhusu mtu mwingine."

"Samli gani hiyo?"

"Ya dawa," Mwebesa akasema. "Ya upande wa Uganda."

Nesi Margreth akamtazama. Mwebesa akajikuta ameshika shavu la kushoto.

"Ndama mwenye fangasi ana mabaka ya ugaga mweupe, kama majivu yaliyokauka, manyoya yamepukutika. Huwa kuzunguka macho, masikio na shingo. Mwosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mtamwona alivyo. Vaeni glavu hizi. Ugaga ukilainika, usugueni kwa brashi, halafu muulizeni bwana mifugo dawa ya kumpaka. Wakizaliwa ndama wengine msimchanganye nao, na mumwache apate jua. Msimpake dawa ya kuulia kupe mkidhani itasaidia, na nyinyi wenyewe msijipake, nimeshaona watu wameungua." Akawapa Ninsiima na Abdulkarim kila mmoja krimu yake. "Asubuhi na jioni, kwenye duara na nje yake kidogo. Duara likipotea msiache, endeleeni tena, maana linakuwa limejificha tu. Na zile krimu za gulioni za kuzima muwasho kila kitu, hizo kwenye fangasi ni kama kuimwagilia maji. Inanyamaza juu, inatambaa chini."

Mwebesa akavuta ndevu zake zifunike shavu.

"Na wewe kaka mwenye ndevu, una tatizo?"

"Mimi? Mimi nimesindikiza."

"Maana ikiingia kwenye ndevu, krimu haitoshi. Mtu anapimwa, anapewa vidonge."

"Nimesindikiza tu, dada yangu. Ngozi yangu haijui dawa."

*

Njia nzima ya kurudi Mwebesa alikuwa na furaha ya ajabu na hofu ya ajabu, zimepakiana kwenye pikipiki moja. Furaha, kwa kuwa hapakuwa na kumbatio. Shingo ya Ninsiima ilibaki shingo isiyoguswa. Hofu, kwa kuwa maji ya uvuguvugu yalikuwa yanamtangulia.

"Jamani, leo jua limekwenda," akajaribu walipofika. "Ndama akioshwa jioni anashika mafua."

"Jua liko utosini," akasema Shangazi Benadeta, tayari amevaa glavu.

"Au labda tufikiri upya. Nani anajua kama si Abdulkarim aliyemwambukiza ndama?"

Abdulkarim aliinua nyusi. "Mimi, kaka, nimemwambukiza ng'ombe?"

"Nauliza tu. Mtu wa duka anashika mambo mengi."

Ndama, jina lake Bihogo kwa ile rangi yake ya kahawia iliyoiva, aliletwa kwa kamba na Ninsiima. Kweli aling'aa. Aling'aa kiasi cha kutia shaka, kama kiti cha bosi. Shangazi akamwagia maji, akapaka sabuni, akaanza kusugua shingoni kwa brashi.

Povu likatoka la kahawia.

Akasuuza, akasugua tena. Maji yakatiririka kwenye majani ya zizini kama chai ya rangi, na harufu ikapanda, harufu ambayo kila mtu aliyesoma shule ya bweni anaijua, ya asubuhi ya Jumatatu kabla ya kukaguliwa. Chini ya ile rangi, bila haraka, yakaanza kujitokeza mabaka: moja nyuma ya sikio, mawili shingoni, moja kuzunguka jicho kama miwani, meupe, yenye ugaga, hayana hata unyoya.

Mzee Bainomugisha akainama, akachovya kidole kwenye povu, akanusa.

"Hii si samli."

"Ni udongo," Mwebesa akasema. "Udongo wa Kaisho ni mwekundu sana, unaingia kwenye manyoya."

Hapo Abdulkarim akapiga kofi dogo, uso wake umefunguka kama mtu aliyekumbuka alipoacha ufunguo. Hapakuwa na ubaya hata kidogo machoni pake, na hilo ndilo lililomuumiza Mwebesa zaidi ya yote.

"Kumbe ndivyo! Kaka, mimi nilikuwa nasumbuka peke yangu. Tangu ulipokuja dukani kwetu wiki ile ya mahari ukachukua dawa ya viatu ya kahawia, kopo zima, halafu ukarudi kuchukua nyingine, na nyingine, nikajiuliza, huyu bwana daima namwona na kandambili, anang'arisha nini? Ndiyo maana kila siku nakuuliza viatu vinaendeleaje. Nilitaka siku moja univalie nivione."

Tumwine alikaa chini kwenye majani, akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka ng'ombe wakageuka.

Udongo wa Kaisho haukumsaidia tena Mwebesa, kwa hiyo akasema nusu ya ukweli. Mabaka yalikuwa yametokea siku chache tu kabla ya kupeleka mahari. Ndama mwenye doa angerudishwa, na wazee wangesema ni mkosi. Aliogopa kumkosa Ninsiima. Alidhani manyoya yataota chini ya rangi, na mambo yaishe kimyakimya.

Mzee alitazama kando. Shangazi alikung'uta brashi. Aliyezungumza ni Ninsiima, na alizungumza polepole.

"Ndama simlaumu, kaugua kama sisi. Kuogopa nako nakuelewa. Lakini umenipaka mimi rangi mbaya mbele ya baba yangu, kwa alama uliyoileta mwenyewe kwa kamba. Sasa nakuuliza mara moja tu, Mwebesa. Kuna kingine ulichonificha? Kikiwepo kiseme sasa, tutakaa tupange harusi. Ukinidanganya tena, ng'ombe na ndama wake wanalala kwenu leo."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na alihitaji neno moja tu ili apite. Lakini Abdulkarim alikuwa amesimama palepale, shati jeupe, kidevu laini, duara lake dogo la kiungwana mahali pa kistaarabu. Mwebesa akajiona anafunua ndevu mbele ya mtu huyo, aonekane ana fangasi usoni kama ndama, naye Abdulkarim aseme "pole kaka" kwa Kiswahili kile cha Pangani. Angeweza kuvumilia yote, pole ile asingeiweza.

"Hakuna," akasema, akanyoosha kidole juu. "Nimemaliza. Ngozi yangu mimi safi. Haki ya Mungu."

Bihogo, aliyekuwa amesimama kwa huzuni na povu masikioni, aliisikia sauti aliyoizoea. Kila Jumapili sauti hiyo ilikuja na kitambaa na kopo, ikachuchumaa, ikamshika kichwa na kukilaza shavuni ili mkono wa pili upake nyuma ya sikio. Ndama hajui kikao. Akamvuta Ninsiima kwa kamba, akamwendea Mwebesa, akanyanyua shingo iliyolowa na kuilaza penye shavu la kushoto, mahali pake pa kila wiki. Akalamba. Ulimi wa ng'ombe ni kama msasa mnene. Ulipita mara moja, ukazifagia ndevu zote upande mmoja, zikalala kwa mate kama nyasi zilizopitiwa na lori.

Na pale, kutoka pembe ya mdomo kuelekea sikio, duara lilikaa wazi, jekundu, limevimba, kubwa kuliko ya wenzake wawili ukiyaunganisha. Baka la ndama na baka la mtu yalitazamana kama picha na kioo.

Ninsiima hakucheka. Aliichukua ile kamba, akaiweka kwenye kiganja cha Mwebesa, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja.

"Wewe unataka vidonge," akasema. "Mkipona wote wawili, mje. Ndama atangulie."

"Pole, kaka," akasema Abdulkarim.

Shangazi Benadeta alikuwa amevua glavu na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani, kama hakimu aliyepata siku nzuri.

"Bwana mkwe, usiondoke bado," akasema. "Sheria uliileta mwenyewe, na mimi nilikuwepo nikaisikia. Simama hapo katikati, utuambie: ulimkumbatia nani?"